Mama angu ana miaka 64, ana presha na kifua, anataka kwenda Chamonix kushika theluji. Naombeni ushauri kabla hatujakata tiketi

Mwana_wa_Mpwapwa

Mbukwenyi wadau. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, naombeni mnisaidie maana hapa Dodoma kila ninayemuuliza ananiambia tu hongera.

Dada angu mkubwa ameolewa Geneva, mwaka wa tisa huu yuko huko. Mwaka jana alishindwa kuja nyumbani sababu ya mtoto mchanga, sasa yeye na shemeji wameamua mama ndo aende na mimi nimsindikize, kwa sababu mama hajawahi kupanda ndege na lugha za huko hajui. Nauli wanalipa wao. Kwa Geneva sina shida. Shida ni kwamba dada kamuahidi mama kumpeleka Chamonix, ni bonde liko upande wa Ufaransa chini ya mlima Mont Blanc, kwamba watapanda lile gari la kwenye nyaya mpaka juu kabisa kwenye kilele kinaitwa Aiguille du Midi, mita 3,842, mama akashike theluji kwa mkono wake. Tangu aambiwe hivo mama hana habari nyingine, kanisani kashawaambia, kwenye kikundi cha kina mama kashawaambia, mpaka binti wa dukani anamuuliza safari lini.

Sasa mama ana miaka 64, anameza dawa za presha kila siku, na kifua chake hakiko vizuri maana amepikia kuni maisha yake yote. Huku kwetu Juni na Julai upepo ukianza asubuhi anavaa sweta mbili na kitenge juu na bado anaota moto. Dada anasema Februari ndo theluji inakuwa nzuri. Mi naangalia picha za ile milima naona ni mirefu inatisha, najiuliza hewa ataipataje huko, na akizidiwa tutafanyaje. Sitaki kumvunja moyo mama angu, ametulea peke yake kwa kulima karanga na alizeti na hajawahi kuomba kitu, hiki ndo kitu cha kwanza namsikia anakitaka kwa ajili yake mwenyewe. Lakini pia sitaki kwenda kumuua.

Aliyewahi kufika huko au anayejua mambo ya milima naomba anieleze ukweli, na viza tuombe Uswisi au Ufaransa?

Kisima_Kirefu

Mkuu pole kwa mawazo na hongera kwa kumjali bi mkubwa. Mimi nimeishi Geneva miaka minne nikisoma, Chamonix nimeenda mara nyingi, ni mwendo wa basi kama saa moja na nusu hivi.

Kwanza nikutoe hofu moja kubwa. Mji wa Chamonix wenyewe uko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari. Dodoma tuko kama mita 1,120. Yaani mama akishuka kwenye basi pale mjini atakuwa chini kidogo kuliko alivyo hapo nyumbani. Watu wengi hatujui hili kwa sababu picha zote zinaonyesha vilele, lakini watu wanaishi chini kwenye bonde kandokando ya mto unaoitwa Arve, na bonde lenyewe ni refu jembamba lina vijiji kuanzia Servoz, Les Houches, Chamonix, Argentière mpaka Vallorcine. Kwa hiyo hewa ya pale bondeni siyo tatizo la kimo.

Tatizo la kwanza ni baridi na la pili ni moshi, na hili la moshi watu hawalisemi. Februari usiku hasi 5 mpaka hasi 10 ni kawaida kabisa. Halafu kile kipindi cha baridi hewa nzito inatuama chini ya bonde haitoki, na moshi wa majiko ya kuni ya watu na wa malori yanayoenda kwenye handaki la Mont Blanc unabaki humohumo. Hilo handaki lina urefu wa kilomita 11.6, lilifunguliwa 1965, linatokea Italia, malori mengi yanapita hapo. Kuna siku serikali yao inatangaza kabisa hewa ni mbaya, na hali ni mbaya zaidi kule chini upande wa Passy na Sallanches kuliko mjini Chamonix. Mtu mwenye kifua cha kuni kama mama lazima mliangalie hilo, angalieni taarifa ya hewa ya siku hiyo kabla ya kutoka Geneva, ikiwa mbaya mnaahirisha.

Kuhusu Februari mimi ningesema hapana. Ni likizo ya shule Ufaransa, foleni ndefu, bei juu, na mama atasimama kwenye mstari na baridi. Nendeni Machi katikati mpaka mwishoni. Jua linakuwa refu, theluji bado ipo.

Na hapa ndo naomba dada anisikilize vizuri: huhitaji kwenda mita 3,842 kushika theluji. Mwezi Machi mnapanda treni pale Chamonix mnaenda Argentière, ni kama mita 1,250, au basi mpaka Le Tour karibu mita 1,450, theluji huwa bado ipo nyeupe, mama anashuka anainama anaishika. Ukilala hotelini au nyumba ya kupanga hapo bondeni unapewa kadi ya mgeni na treni na basi za humo bondeni unapanda bila kulipa.

Mama_Wawili

Kuhusu viza mdogo wangu, mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa kuwa mnafikia kwa dada Geneva basi ni Uswisi. Uswisi nayo iko kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo kwenda Chamonix na kurudi viza ni ileile. Bima ya safari isipungue yuro 30,000 na mwambie anayewauzia bima aandike umri wa mama na ugonjwa wake wazi, usifiche presha ili upate bei rahisi, akiumwa huko watakataa kulipa.

Na usimpe mtu hela akakufanyie. Mimi kuna wakala hapa mjini alinilia laki nane, akanipa karatasi za hoteli nilipofika dirishani zikaonekana hazipo, nikanyimwa viza na jina langu likabaki na doa. Fomu mnajaza wenyewe, barua ya mwaliko anaandika dada, mnapanda SGR mnaenda Dar mnaweka alama za vidole basi.

Guide_wa_Marangu

Kaka mimi nimepandisha watalii Kilimanjaro miaka 14 kabla sijahamia Nala kufuga kuku. Chamonix sijafika lakini wageni wangu wengi walikuwa wanatokea milima ya huko na najua mita 3,842 maana yake nini kwenye mwili wa mtu.

Kibanda cha Horombo kiko mita 3,720. Kwa hiyo hapo dada anapotaka kumfikisha mama ni juu ya Horombo. Sisi mgeni tunamtoa geti la Marangu, siku ya kwanza analala Mandara kama mita 2,700, siku ya pili ndo anafika Horombo, na wengi tunawalaza hapo usiku wa pili ili mwili uzoee. Na tunatembea pole pole kweli, mgeni akikimbia tunamshika. Hata hivo nimeona vijana wa miaka 25 wenye vifua vipana wanatapika Horombo, kichwa kinawagonga, macho mekundu. Sasa lile gari la nyaya linakutoa mita 1,035 mpaka 3,842 kwa kama dakika ishirini. Mwili haujajua bado kama umepanda. Hewa ya huko juu ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani.

Siyo kwamba kila anayeenda anaumwa, hapana, watu maelfu wanapanda wanakaa saa moja wanapiga picha wanashuka salama. Lakini mzee mwenye presha na kifua siyo wa kubahatisha. Mimi siyo daktari, nendeni kwa daktari anayemjua mama, mwambieni namba yenyewe, mita 3,842, msiseme tu tunaenda mlimani. Mimi ningekuwa ndo namwongoza mama yako ningemwambia aende pole, siku ya kwanza abaki bondeni. Nimeangalia ramani kuna kituo cha katikati kinaitwa Plan de l'Aiguille mita 2,317, hicho kiko chini ya Mandara. Kuna na Montenvers mita 1,913, hiyo ni karibu sawa na geti la Marangu, na geti la Marangu wazee wanafika na watoto wanafika.

Dalili za kuangalia ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kuhema akiwa amekaa. Ukiona moja usisubiri nyingine, shukeni. Dawa ya mlima ni kushuka.

Mwana_wa_Mpwapwa

Aisee Mungu awabariki. Hii ya kwamba Dodoma iko juu kuliko Chamonix nimemwambia mama sa hivi, amekaa kimya halafu akauliza, kama wako chini yetu mbona wao wanapata theluji na sisi tunapata vumbi? Nimeshindwa kumjibu.

Guide nimekuelewa sana. Hiyo Montenvers ni nini, kuna kitu cha kuona?

Ticha_Jiografia_Kondoa

Naomba nimjibu mama kwa heshima, swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani.

Mama, kimo ni sehemu moja tu, nyingine ni umbali na ikweta. Sisi tuko nyuzi kama 6 kusini mwa ikweta, jua linapita juu sana karibu na utosi wetu mwaka mzima. Wao wako karibu nyuzi 46 kaskazini, Desemba na Januari jua lao linapita chini upande mmoja na kwenye bonde refu kama lile kuna sehemu milima inalikinga kabisa. Halafu upepo wenye unyevu unatoka baharini Atlantiki unagonga ile milima, unapanda, unapoa, unamwaga. Huku kwetu upepo ukifika Dodoma umeshamwaga maji yake kwingine.

Kuna jambo ningependa mama alione hata kama watu wa matangazo hawalionyeshi, nalo ni mto. Mito yetu huku anaijua, korongo la mchanga, mvua ikinyesha unajaa siku mbili unaua na mbuzi, halafu miezi minane unachimba mchanga kutafuta maji. Arve ni kinyume. Kipindi cha baridi unakuwa mdogo kwa sababu maji yote yamelala huko juu yamekuwa theluji. Ikifika Juni, Julai, jua kali hata bila mvua ndo unajaa, unanguruma, kwa sababu barafu inayeyuka. Na maji yake siyo ya bluu, ni ya kijivu yenye weupe kama maziwa yaliyotiwa majivu, maana mito ya barafu, yaani barafu nene inayotambaa pole pole kushuka mlimani, inasaga miamba chini yake kama jiwe la kusagia ulezi na ule unga unashuka na maji. Una urefu wa kama kilomita 108, unaingia mto Rhône palepale Geneva.

Mama ni mtu wa mifugo naamini (Mpwapwa yote ni mifugo). Basi amwambie dada amwonyeshe nyumba za zamani za kule. Kabla ya watalii lile lilikuwa bonde la wafugaji, wanalima shayiri na ngano nyeusi kidogo, ng'ombe wanapandishwa malisho ya juu kiangazi wanashushwa kabla ya theluji. Nyumba nyingi za wakulima wa Savoie, ndo jina la eneo lile la milima, watu na ng'ombe walikuwa chini ya paa moja, joto la mifugo linawasaidia kuvuka baridi. Mtu aliyelelewa kwenye tembe hahitaji kuelezewa hilo mara mbili.

Sasa Montenvers. Ni kituo cha treni ndogo ya meno (reli yake ina meno yanayoishika isiteleze kwenye mwinuko), inapanda mlimani kutoka Chamonix kilomita kama 5, inafanya kazi tangu 1909 hivi. Inakufikisha juu ya mto wa barafu unaoitwa Mer de Glace, maana yake Bahari ya Barafu, mkubwa kuliko yote Ufaransa. Nataka niseme kuhusu huo kwa kirefu kidogo mnivumilie.

Miaka ya 1600 ile barafu ilikuwa inashuka mpaka kwenye mashamba. Inasukuma vijumba, inafunika malisho. Watu walikuwa wanaiogopa kama sisi tunavyoogopa ukame. Mwaka 1644 waliona yamewashinda wakamwita askofu, akaongoza watu kama mia tatu kwa maandamano ya sala mpaka kwenye ukingo wa barafu, akaiombea irudi nyuma. Mimi nikisoma hapo nakumbuka wazee wa Kigogo walivyokuwa wanaenda kwenye mawe kuombea mvua ije. Wale wanaomba kiondoke, hawa wanaomba kije, hofu ya tumbo ni moja.

Leo barafu imeondoka kweli na wajukuu zao wanalia. Hapo Montenvers wanachonga pango ndani ya barafu watu waingie. Mwaka 1988 walipojenga kigari cha nyaya cha kushusha watu kutoka stesheni, ukishuka ngazi 3 tu unakanyaga barafu. Barafu ikawa inashuka kila mwaka wanaongeza ngazi, wanaongeza, mpaka zikazidi 500. Ukutani kwenye mwamba wameweka vibao vya miaka kuonyesha barafu ilikuwa wapi, unashuka unapita kibao, unashuka tena, na barafu bado iko chini. Mwaka 2024 ikabidi wafungue kigari kipya sehemu ya juu zaidi ya bonde kufuata barafu ilikokimbilia. Ni habari ileile ya Kilimanjaro yetu, Guide hapo juu shahidi.

Guide_wa_Marangu

Ticha umenigusa. Mwaka wangu wa kwanza juu kule kuna ukuta wa barafu tulikuwa tunaupita karibu tunasikia ubaridi unatoka kama mlango wa friji. Mwaka wa mwisho pale nilipita ni mchanga mkavu na mawe. Nilisimama mgeni akaniuliza nimechoka, nikamwambia hapana.

Mama aende aone. Asipange miaka mitano ijayo.

Kisima_Kirefu

Naongezea kwa Ticha, pale Geneva kuna sehemu inaitwa Jonction ndo Arve inakutana na Rhône. Rhône inatoka ziwani imetulia ni ya kijani na bluu inang'aa, Arve inakuja na ule unga wake, zinatembea pamoja kwenye mto mmoja nusu rangi hii nusu rangi ile kwa umbali mrefu bila kuchanganyika. Juu yake kuna daraja la treni watu wanasimama kuangalia. Kiangazi ndo inaonekana vizuri zaidi, Machi tofauti inakuwa ndogo, lakini mpelekeni, ni ndani ya mji na haina gharama.

Habari za ngazi kwa mama hapana, asishuke pangoni. Akae Montenvers juu, kuna sehemu ya kukaa na kunywa chai, barafu na vilele anaviona.

Mavazi: usinunue vitu vya bei kali. Sabasaba kwenye mitumba kuna majaketi mazito ya Ulaya wauzaji wanayaacha hadi chini ya rundo kwa sababu Dodoma hayana mteja, waulize. Ndani avae taiti na fulana ya mikono mirefu inayobana, isiwe pamba maana pamba ikilowa jasho inamgandisha. Juu sweta, juu kabisa jaketi lisilopitisha upepo. Viatu vikubwa namba moja zaidi ili aingize soksi mbili na vidole vicheze, vikibana damu haipiti anaganda. Soli iwe na meno, ikiwa imelika achana nacho hata kiwe kizuri vipi, wazee wengi wanaanguka kwenye barafu ya barabarani siyo mlimani. Miwani ya jua lazima, theluji inarudisha mwanga machoni vibaya sana. Mafuta ya mgando midomoni na usoni. Na dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi linaloenda chini ya ndege.

Nkuhungu_Mpya

Samahani naingia pembeni, huko si ndo kuna michezo ya kuteleza? Mimi niliona kwenye tivii.

Ticha_Jiografia_Kondoa

Ndo hapohapo. Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika Chamonix, tarehe 25 Januari mpaka 5 Februari 1924, mataifa 16. Wakati inafanyika iliitwa tu wiki ya kimataifa ya michezo ya baridi, jina la Olimpiki ikapewa baadaye mwaka 1926. Ila umaarufu wa bonde ni wa zamani kuliko skii, ulianza na watu kutaka kupanda Mont Blanc. Mwaka 1760 msomi mmoja wa Geneva, de Saussure, aliahidi zawadi kwa atakayepata njia ya kufika kileleni, ikachukua miaka 26. Tarehe 8 Agosti 1786 wakafika wawili wa hapo bondeni, Jacques Balmat na daktari Michel Paccard. Mwanamke wa kwanza kufika alikuwa Marie Paradis mwaka 1808, alikuwa mfanyakazi wa kawaida hapo Chamonix. Na mwaka 1821 waongozaji wakaunda chama chao kinachogawana zamu za kazi, kipo mpaka leo.

Guide_wa_Marangu

Zamu! Hiyo ndo ilikuwa kilio chetu miaka yote.

Mwana_wa_Mpwapwa

Wadau narudi na mrejesho. Jana usiku tumeongea na dada kwa simu ya video mimi na mama, nimemsomea yote mliyoandika. Dada alinyamaza kwanza, halafu akasema hakuwahi kufikiria kifua cha mama, yeye alikuwa anamkumbuka mama yule aliyekuwa anatembea kwenda mnadani na kurudi. Nikaona machozi. Miaka tisa ni mingi.

Tumekubaliana hivi: Machi, wiki ya tatu. Tukifika Geneva mama apumzike siku tano. Halafu Chamonix usiku mbili, siku ya kwanza Argentière kushika theluji, siku ya pili Montenvers kwa treni, hali ya hewa ikiwa mbaya tunabaki Geneva. Huko 3,842 hatuendi, labda daktari aseme mwenyewe kwa maandishi, Jumatatu nampeleka.

Nilidhani mama atasikitika kukosa kule juu. Akaniuliza tu, huo mto wenye maji ya majivu unapita karibu na treni? Nikamwambia Ticha kasema unapita katikati ya bonde. Akasema basi ataanza na mto, aweke mkono kwenye maji aone kama kweli ni theluji iliyoyeyuka, halafu ndo aende kwenye hiyo theluji yenyewe.

Kisima jaketi nimepata Sabasaba, la bluu, elfu kumi na tano, limemfika magotini. Viatu bado.